Tenga nyoka wadogo kabla hawajala mara ya kwanza: shemeji Mutinda alinitoa kwa nyumba

Wakuu, habari zenu. Nimeona mtu hapa anauliza watoto wa nyoka wakae pamoja mpaka lini. Wacha niwaambie yaliyonipata, na chumvi sitaongeza. Shule nilienda kidogo, mkiona makosa mnivumilie.

Hii ni miaka ya elfu mbili mwanzoni, Machakos town. Mimi na bibi yangu tulipanga chumba kwa plot ya Mama Ndinda. Nilikuwa nafuga nyoka wa nyumba, yule wa kahawia. Hana sumu, kazi yake ni panya.

Mama Ndinda alikubali kwa sharti moja. "Siku nyoka atatoka kwa sanduku, na wewe utatoka kwa plot."

Nyoka wangu akataga, mayai yakaanguliwa. Watoto saba, wembamba kama kamba ya kiatu.

Mwanzo niliwaacha pamoja. Hapo hakuna shida, hawali kitu mpaka wavue ngozi ya kwanza. Wakishavua, njaa inaingia. Nikaweka kila mmoja kwa mkebe wake, kifuniko nimetoboa matundu.

Halafu tukaitwa matanga huko Matuu. Nikaachia Mutinda, ndugu ya bibi. Nikamwambia asiwaguse, aweke maji tu.

Sasa Mutinda ni mtu wa kuku. Kitu chochote kikianguliwa, yeye anaona kifaranga. Akawamwaga wote kwa boksi moja, akaweka jiko la makaa kando wapate joto, akawatupia mijusi.

Narudi, napata sita. Plot nzima wako nje na vitanda vyao, kwa sababu Mutinda ameshatangaza mmoja ametoroka.

"Kwa nini uliwachanganya?"

"Shemeji, hao ni ndugu. Unawafungia kila mtu chumba chake kama wapangaji?"

Nikaangalia boksi. Mmoja amevimba, hata kutambaa ni shida. Nikajua. Wakishika mjusi mmoja, huyu kichwa, yule mkia, wanameza mpaka midomo ikutane. Mwenye nguvu anaendelea tu.

Nikambeba mpaka kwa Mama Ndinda. "Mwaitu, mama yangu, hakuna aliyetoroka. Yule mwingine yuko humu ndani."

"Unaniona mjinga?"

Nyoka ameshiba ukimsumbua, anatapika. Akatapika hapo mbele ya watu wote. Ndugu yake akatoka mzima mzima, amekufa, mjusi bado mdomoni.

Watu wakahesabu. Saba. Wengine wakaanza kurudisha vitanda, nikajua nimepona.

Mama Ndinda akaangalia ile kitu pale chini.

"Amekula wa tumbo moja na yeye. Mtoto wa Mwikali hapo jirani atamwacha?"

"Lakini sharti lilikuwa kutoroka."

"Afadhali angetoroka."

Jioni tulikuwa barabarani na godoro na mikebe. Mutinda alitusaidia kubeba, roho safi kabisa. Kesho yake akaenda akapanga kile chumba. Akaweka kuku.

Kwa hivyo wewe uliyeuliza: wakivua ngozi ya kwanza, tenga siku hiyo hiyo, kabla ya chakula chochote. Kila mmoja ale peke yake. Na usiachie mtu ambaye anajua kufuga kitu kingine.

Wenye mmefuga, mlitenga lini? Na kama kuna mtu wa kumtetea Mutinda, aandike hapa chini. Niko, nitamjibu.