Mama Alisema Anaweza

Katika shirika letu la Katindo, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, kuna adabu moja ambayo hakuna aliyetufundisha na hakuna asiyeijua. Ukichaguliwa kazi, unakataa. Unainamisha kichwa, unasema hustahili, wapo wanaokuzidi. Watu wanapiga makofi, unakataa tena, wanaimba, na hapo ndipo unakubali kwa sauti ya mgonjwa. Anayekataa vizuri zaidi ndiye mnyenyekevu zaidi. Mimi mwenyewe nimewahi kukataa kwa ufundi hadi nikajipenda.

Jumapili moja shirika lilikutana uani kwetu, viti vimekaa kombo juu ya mawe meusi ya volkano. Kiongozi wetu alikuwa anahamia Bukavu, na jina la kwanza kutajwa lilikuwa la mama yangu. Halikumshangaza mtu. Ni yeye aliyetembelea wagonjwa, ni yeye aliyepatanisha wake na waume. Akasimama. Nikangoja ainamishe kichwa.

"Aksanti," alisema. "Ile kazi naiweza. Kuimbisha, hapana, sauti yangu ni mubaya. Tena nakasirikaka mbio; mukiona vile, muniambie. Lakini ile kazi naiweza."

Akaketi.

Jamani! Nilibaki mdomo wazi, nikimtazama mama kana kwamba amevua kitenge mbele ya watu. Jirani mmoja alishika shavu. Kisha katekista wetu, mtu mpole kwa kawaida, akatoa sauti: "Eh, mama! Unajisifu mbele ya musalaba?"

Upesi upesi wakamtaja mwingine, muzee mmoja kutoka milima ya Masisi, aliyekuwa mfugaji wa ng'ombe, mtu asiyepandisha sauti hata kwa mbuzi. Alisimama kwa shida.

"Bandugu, mimi sitaweza. Hata kusoma, macho inakatala."

Makofi yakalipuka. Huo sasa ndio unyenyekevu! Akakataa tena, tukapaza wimbo. Nami niliimba kwa nguvu, nifunike aibu ya nyumbani kwetu. Mwishowe muzee alikubali, kwa sababu hatukumwachia nafasi ya kusema neno.

Wiki iliyofuata ilikuwa chungu. Mama hana ndugu hapa Goma. Shirika ndilo ukoo wake. Bombani wanawake walimpisha bila kumsalimia, na mmoja alisema kwa sauti ya kutosha kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Niliogopa. Nilimwomba aende kuomba msamaha kabla hajabaki peke yake kabisa.

"Musamaha ya nini?" aliniuliza. "Mungu alinipa miguu mbili. Niseme alinipa moja, ndio afurahi?" Alisema hivyo kwa ukali, lakini macho yake yalikuwa mekundu, na chakula hakukigusa.

Jumapili tukakutana kwa muzee. Kiongozi ndiye anayesoma Injili, kwa hiyo katekista alimfungulia Biblia akampa. Muzee aliisogeza karibu, akaipeleka mbali, akairudisha hadi puani. Tulidhani anatafuta mstari. Mimi nilikaa ubavuni mwake, nikaona kidole chake kinatembea pembeni mwa ukurasa, mahali pasipo na herufi hata moja.

"Nilisema macho inakatala," alisema polepole. "Mukapiga makofi."

Watu wawili walikuwa wamesimama mbele yetu wakasema ukweli juu ya nafsi zao. Mmoja tukamwita mwenye kiburi, mwingine mtakatifu, na hatukumsikia hata mmoja. Katekista alifunika uso kwa kitambaa chake. Muzee bado alikuwa ameishika ile Biblia, haoni wa kumpa.

Mama ndiye aliyeinuka. Aliipokea kwa mikono yote miwili. "Papa, zaburi unazijua kwa kichwa," alimwambia muzee. "Uanze weye, mimi nitasoma." Muzee akaanza, bila kukosea neno, na mama akasoma.

Baada ya sala katekista alimwendea mama, akamuuliza kama bado angekubali kazi ile. Watu wote walimgeukia. Nilijikuta naomba kimoyomoyo akatae kidogo tu, mara moja, tupate kupumua.

"Naiweza," alisema mama.

Hatukujua tufanye nini na mikono yetu, iliyozoea kumpigia makofi anayekataa.