Kichujio cha Mwalimu

Juzi nilishuka Kimisagara kuchukua pampu yangu kwa fundi, nikamkuta anazungusha waya mpya wa shaba kwenye mota. Nikasimama pale kama mjinga, rafiki yangu, nikimuwaza bibi yangu na redio yake.

Tuliishi bondeni hukohuko, mimi na yeye tu. Jioni mimi nachambua maharage, yeye anapika, na redio iko mezani juu ya kitambaa cha kufuma. Ikifika saa ya matangazo ya watu waliopotezana, usingethubutu hata kukohoa. Bibi alipotezana na mdogo wake mwaka ule mbaya wa mauaji, na kila jioni alingoja kusikia kwamba mdogo wake anamtafuta.

Sasa, jirani yetu alikuwa mwalimu, mama aliyekulia Tanzania. Alikuwa na kibali cha kurusha sauti hewani, akizungumza na wenzake wa nchi za mbali kwa kujifurahisha tu. Shida ni kwamba mtambo wake ulivuja hadi kwenye redio yetu. Jioni moja tukasikia, "anamtafuta dada yake, aitwaye..." na hapohapo mwalimu akaingia, anakwaruza, anasalimia mtu wa mbali huko. Jina likapotea.

Bibi alikwenda kwake na aproni yake.

"Mwalimu, sauti yako iko inakula majina ya watu."

Mwalimu angeweza kusema redio yetu ni kuukuu, na kweli ilikuwa kuukuu. Hakusema.

"Nisamehe, mama. Mtambo wangu unamwaga sauti pasipotakiwa. Siuwashi tena mpaka niutengeneze."

Akazungusha waya wa shaba kwenye vipande vya bomba, akavifungia ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaliunga kati ya mtambo na antena. Kichujio, aliniambia: sauti yake inapita, takataka zinabaki. Alipowasha, bibi alitega sikio redioni. Safi kabisa. Kwa furaha akampelekea ikivuguto, maziwa ya mgando ambayo hakuwa anamgawia mtu ovyo.

Tangu hapo tulisikia kila jina. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena, na jina la bibi halikutajwa. Akaanza kuacha chakula sahanini. Jioni moja akarudi kwa mwalimu.

"Lile kopo, ulitoe."

Mwalimu akadhani hakusikia vizuri.

"Zamani ikikwaruza, nilikuwa najiambia labda ndio wamenitaja. Sasa iko nasikia yote."

Mwalimu hakulitoa, angesumbua mtaa mzima. Ila kuanzia siku ile, saa ya matangazo alizima mtambo, akaja kuketi nasi, akamshika bibi mkono mpaka jina la mwisho.

Siku hizi watu wanatafutana kwa simu. Mwalimu alihamia Kicukiro, na bibi alituacha bila kutajwa. Nami redio ikikwaruza, watoto wangu wanataka nibadilishe stesheni upesi. Nawaambia wangoje kidogo.