Van Ambayo Haikupaswa Kuzimwa

Alhamisi, tarehe 12 Septemba 1996, saa kumi na mbili jioni, askari mmoja aliingiza mkono kwenye dirisha la gari niliyokuwa naendesha, akazungusha ufunguo, akaizima.

Huo mkono ndio ulimuua mke wangu.

Mtaniambia ni nyoka. Hata kwa mazishi waliniambia ni nyoka. Ngojeni kwanza.

Mimi shule niliachia darasa la nne. Mkiona nimekosea herufi mahali, someni tu hivyo hivyo. Wenye vyeti wameongea miaka yote hii, leo ni zamu yangu.

Nilikuwa dereva wa ushirika wetu wa maziwa huku Gatuanyaga. Gari ilikuwa moja tu, van nyeupe. Asubuhi inabeba mitungi ya maziwa hadi Thika. Ikirudi, ni ya wagonjwa. Ndivyo tulivyokubaliana, na kila mwenye ng'ombe alikatwa maziwa yake mpaka hiyo gari ikapatikana.

Engine yake ya kwanza ilikufa. Ushirika ukanunua ingine iliyotumika kutoka Japani, ile ya injekta, haina kabureta. Tukaipeleka Ruiru kwa fundi anaitwa Muzammil.

Hizo engine mnazijua? Kuna kasanduku ka bati chini ya dashibodi. Mafundi wanakaita kompyuta. Hako ndiko kanaamuru injekta: fungua, mwaga petroli kidogo, funga.

Engine, kompyuta, injekta. Ni mafiga matatu. Badilisha moja uone kama chungu hakitainama.

Muzammil aliviweka vyote vile vilivyokuja pamoja. Gari ikawa unagusa tu, imewaka. Kanini, mke wangu, alikuwa akiisikia ikiingia boma anatoka nje akicheka.

"Baba Katunge, hiyo gari yako inanguruma kama paka amelishwa maziwa!"

Basi mwenyekiti wetu, Mulei, akaichukua akisema anaipeleka servisi.

Iliporudi haikuwa ile.

Moshi mweusi. Harufu ya petroli mpaka macho yanawasha. Mafuta inakunywa kama mlevi aliyelipiwa. Na ubaya kuliko wote: ukiizima ikiwa moto, haiwaki tena mpaka ipoe kabisa. Stata inazunguka tu, plagi zimelowa kama nepi.

Nikaenda kwa kamati.

"Mwenyekiti, gari ilirudi na ugonjwa."

"Gari ni nzima."

"Ikishapata moto haiwaki."

Mulei akawageukia wenzake. "Darasa la nne na injekta ni wapi na wapi? Huyu mkono wake ulizoea ng'ombe. Sasa anakamua ufunguo!"

Wakacheka, hata yule wa kuandika.

Nikajifunza kuishi nayo. Nikifika kwa mtu kuchukua maziwa, siizimi. Nikishuka kunywa chai, inaunguruma huko nje peke yake. Watoto wa huku wakaipa jina: Usizime. Wakiniona wanaimba, "Usizime! Usizime anakuja!"

Siku hiyo ya Septemba nilikuwa ndiyo nafika nyumbani. Nikasikia kelele nyuma ya zizi.

Kanini alikuwa anavuta mabua ya mahindi kulisha ng'ombe. Swila alikuwa amelala humo ndani, akamuuma mguu.

Nikambeba nikamweka kwa kiti cha mbele. Van ilikuwa inaunguruma tu, sikuwa nimeizima. Nikasema moyoni, leo huu ugonjwa wake umenisaidia.

Njiani alikuwa anaongea. Mguu umevimba, lakini anaongea.

"Usiniangalie mimi, angalia barabara."

"Naangalia."

"Na usizime."

Tukacheka. Kweli, tulicheka.

Tukafika sokoni, mbele ya kambi ya chifu. Filimbi ikalia.

Nyinyi watoto wa siku hizi hamjui. Zamani bendera ikiteremshwa jioni, kila kitu kilisimama. Mwenye punda anasimama, mwenye karai la mchanga kichwani anasimama nalo hivyo hivyo. Soko lote linakuwa miti.

Mbele yangu barabara ilijaa hiyo miti. Nikasimama.

Askari kijana akanijia mbio, fimbo mkononi.

"Zima gari!"

"Afande, nimesimama. Nina mgonjwa wa nyoka. Bendera ikifika chini naondoka."

"Bendera inashuka na wewe unatupigia kelele?"

"Bendera ina masikio, afande? Hii ikizimwa haiwaki. Tafadhali, mtu atakufa."

"Unajibizana na serikali?"

Ndipo mkono ukaingia.

Kukawa kimya. Hata mbuzi nadhani walinyamaza. Bendera ikaanza kushuka pole pole, vile hushuka, kwa adabu.

Nikamgeukia Kanini. Kope zake zilikuwa zinashuka nayo.

Sumu ya swila ndivyo hufanya. Inafunga macho, kisha ulimi, kisha pumzi.

Bendera ilipofika chini nikapiga stata. Nga-nga-nga-nga. Nikapiga tena. Petroli ikanuka mpaka barabarani. Watu wakawa watu tena, wakaja.

"Dere, imekufa nini?"

"Sukumeni!"

Wakasukuma. Wamama pia walisukuma. Ikatoa moshi mmoja mweusi, ikakataa. Wakachoka, wakainama wanapumua.

Hapo sasa ndipo gari ya mwenyekiti Mulei ilitokea upande wa lami. Salun yake ya kijivu. Alipotukaribia akatoa kichwa dirishani, hata hakushuka.

"Achaneni na hiyo, haitawaka. Leteni mama hapa."

Aliizima ili ufunguo ufungue mlango wa nyuma. Tukamlaza Kanini. Mulei akagusa ufunguo mara moja tu, ikawaka.

Ikanguruma kama paka amelishwa maziwa.

Niliisikia. Kwa haki ya Mungu niliisikia, lakini akili yangu yote ilikuwa kwa kifua cha mke wangu, kama kinapanda ama hakipandi.

Tulipoingia lami kikaacha kupanda.

Hospitali ya Thika walituambia tumechelewa. Nikamshika Mulei mikono yote miwili nikamshukuru. Nilimshukuru! Nikamwita ndugu.

Kwa mazishi alipewa nafasi ya kuongea. Akasimama na kofia kifuani.

"Gari yangu ndiyo ilimbeba marehemu. Ile ya ushirika ilikuwa nzima, lakini nzima ikipewa mkono usiojua, mtafanya nini?"

Udongo haujakauka juu ya Kanini, nikafutwa kazi. Dereva asiyejua kuwasha gari. Hivyo ndivyo nilivyoitwa, mpaka kanisani.

Nikachukua hasira yangu nikaipeleka Ruiru, kwa Muzammil.

"Uliniwekea nini kwa ile gari, wewe?"

"Polepole, mzee."

"Mke wangu amekufa, unaniambia polepole?"

Akaacha spana. Akaniketisha juu ya tairi, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Engine niliyofunga mimi haina hiyo tabia. Hapa Ruiru wezi wa vipuri ni wengi, kwa hivyo kila kitu nikikifunga nakikwaruza na msumari. Nukta tatu na mstari. Gari iko wapi?"

"Siku ya mkutano mkuu wa ushirika itakuwa hapo uwanjani."

"Basi na mimi nitakuwa hapo uwanjani."

Alikuja. Mulei akiwa bado anasoma hotuba yake, Muzammil akafungua boneti ya van, akachomoa injekta moja, akatoa na ile kompyuta. Akavipitisha kwa wamama waliokuwa wameketi mbele.

"Tafuteni nukta tatu na mstari."

Wakageuza, wakageuza. Hakuna.

"Hizi ni za engine kubwa," akasema. "Zimewekwa kwa ndogo. Ni kama kumnyonyesha mtoto na ndoo. Lazima apaliwe."

Mimi nikasimama. Ile sauti ya paka niliyoisikia jioni ile kwa salun ilikuwa imenirudia masikioni.

"Fungua salun ya mwenyekiti."

"Nani? Gari yangu ya kibinafsi?" Mulei akashuka jukwaani. "Toka hapo, wewe mkamuaji!"

Akaingia ndani ya gari aondoke. Mama mmoja anaitwa Magdalene, mwenye ng'ombe mmoja tu, akachukua mtungi wake akauweka mbele ya gari, akaukalia. Mwingine akaweka wake. Wakajaa.

"Tupitie juu basi! Wewe si una engine ya kuwaka?"

"Fungua, Mulei! Ama kuna nyoka humo?"

Akafungua.

Nukta tatu na mstari. Kwa kompyuta. Kwa injekta zote.

Alikuwa amejinunulia engine kama yetu, lakini ilikuja tupu, bila kompyuta, injekta zimeziba. Akajisaidia na za wagonjwa. Van akaitupia mabaki aliyookota kwa engine kubwa.

Basi mke wangu alikufa akibebwa na moyo wa ambulensi yake mwenyewe, ndani ya gari ya mtu mwingine.

Mnadhani alifungwa? Kamati ilimsamehe kabla sisi hatujamshtaki. Ofisini kwa wakubwa niliambiwa hayo ni mambo ya ushirika, mkamalizane nyumbani. Askari naye alihamishwa, sijui wapi. Mulei alimaliza muda wake akaagwa na ndama.

Mimi filimbi ilipolia tena, sikusimama. Nilipita katikati ya soko lote, miguu yangu peke yake ndiyo inasikika. Waliniweka ndani. Nilipotoka, jioni hiyo hiyo ikalia tena, na mimi nikapita tena. Mpaka wakachoka wao.

Mkitaka funzo, shikeni hili. Gari ya umma ikianza kutoa moshi, usikae ukiangalia dereva. Nenda usikilize ya mkubwa inavyowaka.

Mulei bado yuko hai. Anatembea na bakora, anaketi mbele kwa mikutano. Mimi huwa nasimama nyuma, nauliza swali moja. Huniambia nikae chini. Sikai.

Ulisema mbele ya kaburi kwamba gari ilikuwa nzima na mbovu ni dereva. Jioni ile ulikuwa ndio unafika. Hukushuka. Hukuniuliza ina nini. Hata stata hukuisikia.

Mulei, ulijuaje haitawaka?