Kichupa Nilichokifukia

Siku moja ninaikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku niliyobeba nyama ya mdogo wangu ndani ya kichupa.

Bado nilikuwa na meno yangu yote na kiburi changu chote. Mdogo wangu Anastela alikuwa amegeuka manjano, macho kama kiini cha yai, anajikuna hadi damu. Tukatoka naye kijijini kwetu Keza kwa pikipiki, halafu basi, mpaka hospitali kubwa. Wakasema ni saratani ya mrija wa nyongo. Kabla ya kumpasua, daktari, mama mmoja mpole, alimwomba kipande kidogo cha uvimbe. Maabara wangekilisha, seli zake ziendelee kuzaana kwenye chupa miaka na miaka, ili dawa zijaribiwe humo kabla ya kumgusa mtu. Hakumficha kwamba yeye mwenyewe dawa hizo hazitamponya. Anastela akakubali, akaweka dole gumba.

Mimi nikakataa moyoni. Kwetu mtu anazikwa na mwili wake wote, kwenye migomba yake. Nyama yake ikibaki hai chupani naye yuko chini, atalala vipi? Na ugonjwa, kweli, unaulisha? Heri anayefuga nyoka.

Alipotoka kupasuliwa, muuguzi akanipa kichupa ndani ya boksi la barafu nikipeleke maabara, jengo la pili, kama ndugu wa wagonjwa wanavyotumwa. Nikazunguka nyuma ya pa kufulia nguo, nikachimba kwa vidole, nikafukia. Nikadanganya kwamba kimeanguka kikapasuka. Daktari akasema kumkata tena kungemuua.

Anastela aliona udongo kwenye kucha zangu. Nilidhani atanishukuru.

"Dada, nilikuwa nimeshakubali," alisema. "Umeanza kunizika na mimi bado naongea."

Maharage hayajakomaa, tukamzika.

Chupa siziogopi tena. Naogopa kuonana naye huko aliko. Na kila mjukuu akija, namvuta mlangoni nimtazame macho juani.

Mwanangu, kuogopa si kosa. Uliza, hata daktari akiwa na haraka: kitafanywa nini, wapi, na nani. Usipotaka, kataa, mwili ni wako. Lakini mgonjwa akishakubali kwa kinywa chake, usimnyang'anye neno lake kwa hofu yako. Mimi nilimnyang'anya, nikasema ni upendo.

Mungu akulinde, macho yako yabaki meupe, na atakayekuuguza awe msikivu kuliko mimi.