Tiketi mbili tofauti, begi moja la shangazi kaja: yaliyonikuta transit

Kamwene wakuu,

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Leo nimeona mtu anauliza kama ni salama kuunganisha ndege kwa tiketi mbili za kampuni tofauti, nikaona nisipite bila kusema. Yalinikuta mwenyewe, na sitaongeza chumvi hata pale ninapoonekana mjinga.

Mimi ni binti wa Ipogolo, Iringa. Siku hizi naishi Mbeya, huku Uyole, kikazi.

Marehemu baba yangu alikuwa wakala wa mabasi pale Ipogolo barabarani. Mzee mfupi, kofia ya sufu, marker sikioni muda wote.

Sifa yake ilikuwa moja: hajawahi kupoteza mzigo wa abiria. Ukimkabidhi leo ukaja kuuchukua baada ya mwezi, unaukuta na kamba yake vilevile. Nyumbani alilisema hilo mpaka tukachoka kulisikia.

Basi nikapata nafasi ya kusoma Ujerumani. Nilitakiwa kuripoti Jumatatu, la sivyo anapewa mwingine.

Tiketi nikatafuta mwenyewe kwa simu. Ya booking moja ilikuwa ghali, nikajifanya mjanja: kampuni moja kutoka Dar hadi mji mmoja wa Uarabuni, kampuni nyingine kutoka hapo hadi Ujerumani. Katikati saa tano. Visa ya Ujerumani ninayo mkononi. Nikajiona mtaalamu.

Shida ilikuja kwenye begi.

Kwetu huondoki mikono mitupu, watu watadhani umefukuzwa. Mama akaleta unga wa ulezi, maharage, na sweta zito la rangi ya maziwa alilolifuma mwenyewe. Baba akapanga vyote kwenye shangazi kaja, yale mabegi makubwa ya nailoni ya mistari, akalifunga kamba ya manila, akaliandika ubavuni kwa marker kama mizigo ya basi: ABIRIA FARAJA, TOKA IPOGOLO, na namba yake ya simu.

Nikamuuliza, ndege ya pili si ya kampuni hiyohiyo, je begi litakuwaje? Akacheka.

"Watakufaulisha, mama. Sisi hapa basi likiishia Makambako, tunamfaulisha abiria na mzigo wake hadi basi jingine. Ndege ndiyo washindwe?"

Nikaamini. Kwenye mambo ya mizigo nilikuwa simbishii baba yangu.

Pale Dar, dada wa counter alinieleza vizuri kabisa. Begi linaishia Uarabuni, ni lazima nitoke, nilichukue, nilikabidhi upya kwa kampuni ya pili. Akauliza kama nina visa ya kuingia nchi ile. Nikamwambia napita tu, nikamwonyesha tiketi ya mbele. Akanitazama kidogo, akabandika tag. Mimi moyoni nasema, watafaulisha tu hawa.

Wakuu, hawakufaulisha.

Nilipofika nikaenda counter ya transit. Kaka mmoja akanipa boarding pass ya ndege ya pili bila shida, maana visa ya ninakokwenda ilikuwepo. Nikauliza begi. Akasema lipo upande wa pili wa uhamiaji, linazunguka kwenye mkanda. Kulifuata kunahitaji visa ya nchi ile, nayo haitoki siku hiyohiyo, na hizo kampuni mbili hazina makubaliano ya kupeana mizigo.

Nikaomba. Nikabembeleza. Nikalia kidogo pia, sioni aibu kusema. Yule kaka alikuwa mpole ila jibu lake halikubadilika.

Kubaki ni kupoteza chuo. Nikajaza fomu ya begi, nikapanda ndege nikiwa na pochi na bahasha ya vyeti tu.

Baba alipiga nilipofika. Swali lake la kwanza: begi limefika?

Nilitaka kusema kweli, nikashindwa. Mzee asiyepoteza mzigo, halafu wa kwanza kupotea uwe wa bintiye, tena kwa ushauri wake? Nikasema limefika, baba.

Sasa uongo nao unataka kulishwa. Kila wiki aliuliza, "Sweta linatosha kwa hiyo baridi?" Na mimi, nimejikunyata ndani ya koti la mtumba, namjibu, "Linatosha, baba." Akiuliza maharage, namwambia matamu, yanakaribia kuisha. Miaka miwili hiyo. Nikikata simu nilijiona mtu wa hovyo.

Nilirudi kwa booking moja, safari hii nimeshika adabu. Basi lilisimama Ruaha Mbuyuni, watu wakapakia vitunguu mpaka miguuni, nikaona sasa kweli nimefika nyumbani.

Mchana, baada ya kula, baba akaingia chumbani akatoka na shangazi kaja. Kamba ileile, fundo lilelile. Tag ya ndege inaning'inia.

"Mzigo wako, mama. Kagua kamba kwanza."

Kumbe lilirudishwa Dar wiki chache tu baada ya mimi kuondoka, wakapiga namba iliyoandikwa ubavuni. Mama ndiye aliyenisimulia. Baba alipanda basi akalifuata. Walipotaka uthibitisho, akaandika jina langu mbele yao walinganishe mwandiko. Akalipakata mpaka Ipogolo, alikataa kuliweka kwenye buti. Halafu akalisukuma chini ya kitanda, na juu ya kitanda hichohicho ndipo alipokuwa anakaa kunipigia simu za sweta.

Sikuweza kumtazama. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Mimi nilikwambia watakufaulisha, wewe ukaniambia limefika. Tumetoka droo."

Tulicheka hadi mama akaja kuona kuna nini. Ndani, maharage yalikuwa unga wa wadudu, na ule ulezi hata sitaki kuuelezea. Hakuwa amelifungua kamwe. Wakala hafungui mzigo wa abiria. Sweta lilikuwa zima.

Baba alitangulia mwaka uliofuata. Namkumbuka sana wakuu, hasa basi la kutoka huku Mbeya likipunguza mwendo pale Ipogolo.

Kwa aliyeuliza: ukiweza lipa booking moja, begi litafika lenyewe. Ukishindwa, beba begi la mkononi tu, na uulize visa ya nchi unayopita kabla hujalipa, siyo ukiwa counter. Ndege hazifaulishi.

Mliopitia haya shusheni yenu hapa chini, na nilipokosea kuhusu visa nirekebisheni. Na kama kuna aliyewahi kuacha mzigo kwa yule mzee wa kofia ya sufu, naomba aniandikie hata mstari mmoja.

Uyole leo ukungu mzito, naandika nikiwa nimelivaa. Linatosha, baba.