Wageni wa Ukumbini

Ukumbi wetu wa Ziwani ulikuwa wa kila mtu, na hilo ndilo lililotuponza. Asubuhi ulikuwa nasari ya watoto. Mchana akina mama walisukia humo vyondo, vile vikapu vya katani, jioni vijana wa ndondi wakamwaga jasho lao hadi kuta zikanuka, na Jumapili kwaya ikaimba katika harufu hiyo hiyo bila kukunja uso. Tuligombania viti na ufagio. Lakini hakuna kundi lililothubutu kulifukuza jingine, maana sote tulijua hatuna pengine pa kwenda.

Mimi nilikuwa mtu wa nasari. Nilikuwa na mtoto mdogo wa kiume na meza ya mitumba kule Gikomba, na baba yake alikuwa ameshakwenda zake. Kila asubuhi nilimwacha mtoto kwa mwalimu, mama mmoja mnene, mcheshi, aliyewanywesha watoto uji na kuwalaza kwenye mikeka, kisha nikashuka sokoni. Bila ukumbi ule nisingeuza hata soksi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, msimu wa baridi, walikuja wanaume wawili wenye viatu vya kung'aa na adabu ya kupita kiasi. Walizunguka ukumbi, wakagonga kuta kwa vidole, wakaenda. Nilimuuliza kijana mmoja wa ndondi kama ni watu wao.

"Hapana, mathe," akasema. "Si hao wasee ni wenu? Sisi tunajua wanakuja kujengea watoto choo."

Akina mama wa vyondo walisema ni wafadhili wa kwaya. Kwaya nao walisikia ndondi wanaletewa ulingo. Moyo wangu haukutulia, lakini pale ukumbini mgeni wa mwenzako hahojiwi. Anapewa chai.

Basi tukawapa chai. Safari ya pili walikuja na vigingi na utepe wa kupimia, na wakakosa mtu wa kuushika upande wa pili.

"Mama, tusaidie hapo," mmoja akamwambia mwalimu. "Kaza kidogo."

Mwalimu akakaza, huku anacheka, na watoto wakampigia makofi. Wale wanaume walikunywa chai wakiwa wamesimama. Hawakuuliza jina la mtu, wala hawakumtazama mtoto hata mmoja, na hilo lilinichoma kuliko vigingi. Nikamwambia mwalimu.

"Wewe dada, kwako kila mtu ni mwizi," akanijibu. "Watu wanakuja kututengenezea, wewe umenuna."

Nilinuna kweli. Nikaenda sokoni nimenuna, nikarudi vivyo hivyo.

Baadaye mfereji wa maji wa ukumbini ukakauka. Ndondi wakawalaumu akina mama kwa kulowesha katani, akina mama wakawalaumu ndondi kwa kuoga kama mabwana harusi. Kisha mlinzi wa ukumbi akahama na familia yake bila kumuaga mtu, yeye aliyekuwa hawezi kupita mlango bila kuomba tumbaku. Nilipoona chumba chake kitupu niliogopa, nasema wazi, lakini kesho yake nilimpeleka mtoto kama kawaida. Ningempeleka wapi?

Jumatatu moja tulikuta ukumbi umezungushiwa mabati mapya, na nyuma yake mbwa wanabweka. Mikeka ya watoto ilikuwa imetupwa nje, kwenye tope. Tulikusanyika wote, ndondi, vyondo, kwaya, nasari, kwa mara ya kwanza wakati mmoja na mahali pamoja.

"Kwani wale walikuwa wageni wa nani?" mwenyekiti wa kwaya akauliza.

Kila kundi likataja jingine. Mwalimu alikuwa ameinama, akikwangua tope kwenye mkeka kwa kucha. Alisema polepole, bila kumwelekea mtu, "Na mimi nikawakazia." Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia, nimeyaweka tayari tangu siku ya vigingi. Nikachutama, nikamshikia ncha ya pili ya mkeka.

Nilimbeba mtoto hadi Gikomba. Nilimfunga kiunoni kwa mkanda wa koti la mtumba, ncha ya pili nikaifunga kwenye mguu wa meza. Kabla ya kukaza fundo nilimvuta polepole upande wa barabarani, kuona kama mkanda utamfikisha njia ya mikokoteni. Ulimfikisha. Nikaufupisha, nikakaza, na yeye akacheka akidhani tunacheza.