Sauti Isiyo na Mwenyewe

Kwa miaka mingi nilikana kwamba naogopa sauti isiyo na mwenyewe. Leo nakiri, mwanangu, wewe unayetengeneza programu za simu: naogopa, na shahada zangu zikiwa ukutani.

Nakumbuka vizuri zilivyoanza jioni zile. Mama yangu akiishi peke yake ghorofani, Mji wa Kale, na moyo wake mgonjwa. Mimi nikikaa mtaa mwingine, Kizingo. Nikamwekea programu ya kumjulia hali. Ilikuwa na njia mbili: kusema, au kugusa kitufe kikubwa. Nikamchagulia kusema, bila kumuuliza. Kila Magharibi simu ingemwita, "Bi Amina, hujambo?", kisha iniandikie jibu lake.

Mama akaguna. "Kitu chaniita jina na mwenyewe simwoni! Magharibi yote haya! Nami niitike?"

Kwetu, ukiitwa na usiyemwona, huitiki; huenda ni jini.

"Mama, ni simu tu."

"Hata huyo mwingine atasema ni simu tu."

Jioni ya kwanza nililetewa jibu: *Naam*. Ya pili: *Naam, ingia*. Nikajipongeza. Ya tatu: *Naja, ngoja nivae buibui*. Nikampigia kumuuliza aenda wapi.

"Mimi? Tangu uniletee dude hili sijalijibu. Likiniita jina, nalifunika leso, nanyamaza."

"Basi nani anayejibu?"

"Usiniulize mimi, mwanangu. Wewe ndiwe uliyesoma."

Labda ni jirani. Madirisha ya kule yanakaribiana hata mkono wapita. Nilijiambia hivyo njia nzima nikimwendea, taa ya ndani ya gari nimeiwasha. Jioni hiyo hiyo nikaizima sauti, nikamwekea kitufe. Akipatwa na jambo, abandike kiganja juu yake tu, simu inipigie.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujamchagulia mtu aseme, aandike au aguse, kaa naye chumbani mwake, saa atakayoitumia simu, umuulize anaogopa nini. Mungu akujaalie masikio kabla ya werevu, na wazazi wako wasikuitie msaada ukakosa kusikia.

Mama yu hai, alhamdulillahi, kwa sababu ya kiganja kile. Siku ulimi ulipomlemea ghafla, asiweze kutamka hata neno, simu yangu ililia. Nikasikia pumzi zake tu.

"Mama?"

Pumzi.

"Mama, ni mimi. Naja!"

Na nyuma ya zile pumzi, karibu kabisa na simu, sauti nisiyoijua ikaitika: "Naam."